Dakika Nne za Mwalimu

Doha, Ijumaa alasiri

Mghoi mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Najma kutafuta kufuli la sanduku, na mmeniachia saa mbili za kuwa peke yangu. Nimezima televisheni, nimekaa kwenye meza ya kulia, na barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika habari za baridi ya Uingereza. Mara ya pili niliandika habari za kanisa. Nimezichana zote mbili. Mambo ya sweta na dawa ya kifua mama yako ameshakuambia hadi umechoka, na mambo ya kanisa utaamua mwenyewe. Una miaka ishirini na mitatu.

Nataka kukuandikia juu ya ile hesabu uliyoifanya jana tukiwa tunakula.

Ulikuwa umeshika simu, unatusomea barua pepe ya yule mama atakayekuwa mkubwa wako wa kazi. Alikuandikia kwamba barabara kuu utakayopita kwenda kuwaona wagonjwa majumbani mwao inakarabatiwa. Kikomo cha mwendo kimeshushwa kutoka maili sabini kwa saa hadi hamsini, na sehemu yote ya ujenzi, maili kumi nzima, ina kamera za wastani. Akakushauri uwe unatoka mapema.

"Baba, kamera ya wastani ndiyo gani?" ukaniuliza.

Unanijua. Mtu akiniuliza jambo la namna hiyo, chakula kinapoa. Nikachukua chupa ya maji nikaiweka upande mmoja wa meza, nikaweka kopo la chumvi upande wa pili. Nikakueleza kwamba kamera ya kwanza inasoma namba ya gari na kuandika saa. Ya pili inaisoma namba ile ile na kuandika saa tena. Umbali kati yao unajulikana. Mashine inagawanya umbali kwa muda, inapata mwendo wako wa wastani. Nikakuambia kwamba mtindo wa hapa kwetu, wa kukanyaga breki ukiiona kamera na kuachia ukishaipita, kule hausaidii kitu.

Ulimeza tonge moja. Kisha ukasema, "Ai, hiyo ni rahisi, Baba. Maili kumi kwa hamsini ni dakika kumi na mbili. Nikienda sabini ni dakika nane na nusu hivi. Si natafuta tu mahali nasimama, nakunywa kahawa yangu dakika tatu na nusu, halafu napita kamera ya pili nikiwa malaika?"

Nikacheka. Nikapiga meza kwa kiganja hadi kopo la chumvi likaanguka. Nilijivuna, Mghoi, kwamba hesabu uliipiga kichwani na samaki mdomoni. Kisha nikamwona mama yako ameweka kijiko chini. Alisema neno moja tu, "Baba Mghoi," akainuka akaenda jikoni, na tukasikia maji ya mfereji yakimwagika bila chombo chini yake.

Wewe ulidhani amekasirika kwa sababu ya safari. Mimi nilimfuata.

"Utamwambia, ama utamwacha aende na hiyo kichwani?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ni mzaha tu."

"Hata yako ilianza na mzaha."

Sasa nakuandikia hiyo yangu.

Ulipokuwa na miaka kumi nilikuwa dereva wa basi la wafanyakazi. Hilo unalijua. Unajua pia kwamba nyumbani Taita nilikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati, na kwamba mama yako ndiye aliyepata kazi ya uuguzi hapa kwanza, mimi na wewe tukamfuata, na shule za hapa hazikunihitaji. Nikachukua kazi ya udereva. Sikuona haya, lakini nisikudanganye: nilichukia jinsi kichwa changu kilivyokaa bure. Siku nzima ni usukani, geti, usukani. Madereva wenzangu waliniita Mwalimu, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyoonyesha.

Kampuni yetu ilikuwa na kazi kwenye barabara ya kusini, huko nyuma ya Al Wukair, wakati huo kukiwa na nyumba chache na mchanga mwingi. Walikuwa wanaipanua barabara hiyo. Kawaida yake ilikuwa kilomita mia kwa saa. Kwenye sehemu ya ujenzi, kilomita kumi na mbili, wakashusha hadi sitini, wakaweka vizuizi vya saruji na koni, na njia mbili nyembamba katikati. Kwa kuwa mabasi na malori yao wenyewe ndiyo yaliyokuwa yakikimbia kuliko magari ya watu wengine, kampuni ikafunga kamera zake mbili, moja mwanzo na moja mwisho. Zilipima wastani. Dereva akizidisha mara tatu, anapewa tiketi ya ndege ya kurudi kwao.

Wiki ya kwanza madereva walihangaika. Walikuwa wamezoea kamera ya mahali pamoja: unapunguza, unapita, unaachia. Sasa watu walipunguza kwenye kamera zote mbili kwa adabu kubwa na bado wakaitwa ofisini. Jioni moja tukiwa kambini Wasswa akaja kwangu na barua yake ya onyo mkononi.

Unamkumbuka Anko Wasswa. Yule Mganda mrefu aliyekufundisha kusalimia kwa Kiganda, ukawa unapiga magoti mbele ya kila mgeni hadi mama yako akakukataza.

"Mwalimu," akasema, "hii mashine ni ya uchawi. Mimi nilipita kwa hamsini! Hapa hamsini, na hapa hamsini! Sasa imeniona wapi?"

Nikamweleza wastani. Nilieleza vizuri, nadhani, maana alielewa mara moja, akafikiri kidogo, akauliza swali ambalo mwalimu yeyote angelifurahia: "Kwa hiyo nikikimbia katikati halafu nisimame, haijui?"

"Haijui," nikasema.

Na sikuishia hapo. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilichukua kipande cha kadibodi kutoka kwenye boksi la maji ya kunywa, nikakipiga mistari kwa rula, nikaandika jedwali. Kilomita kumi na mbili kwa mwendo wa sitini ni dakika kumi na mbili. Ukienda sabini unasimama karibu dakika mbili. Themanini, dakika tatu. Tisini, dakika nne. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, ule ulionyooka. Kufikia mwisho wa wiki madereva sita walikuwa na nakala yake, kila mmoja ameichomeka kwenye kile kibao cha kuzuia jua juu ya kiti chake. Zile dakika za kusimama wakaziita dakika za Mwalimu.

Najua unachofikiri sasa, kwa sababu una kichwa changu. Unafikiri: lakini Baba, si mnafika saa ile ile? Ndiyo. Anayekwenda sitini bila kusimama na anayekwenda tisini akasimama dakika nne wanaipita kamera ya pili pamoja. Hatukuokoa hata sekunde. Tulikimbia ili tupate kusimama. Ni ujinga ukiusikia, ila hukukaa kwenye kiti kile kuanzia saa kumi alfajiri. Msimamizi alihesabu kila dakika yetu, ya geti, ya mafuta, hata ya choo. Dakika nne hizo hakuzijua. Nilikuwa na chupa yangu ya karaki, ile chai ya hapa ya maziwa na iliki, nilikuwa nashuka, nanyoosha mgongo, nakunywa kikombe kimoja, na kwa dakika nne sikuwa dereva wa mtu. Ile kahawa uliyoitaja jana ndiyo chai yangu.

Tulikuwa tukisimama karibu na kilomita ya kumi na moja, mahali vizuizi vya saruji vilipoachana ili malori yaingie na kutoka kwenye ujenzi. Pale palikuwa na mtu wa bango, yule anayeshika kibao chenye rangi nyekundu upande mmoja na kijani upande wa pili. Alikuwa Mnepali mdogo wa umbo, jina lake Dilip. Kituo chake kilikuwa ng'ambo ya njia, upande wa pili wa magari. Baada ya siku chache nikaanza kummiminia na yeye kikombe. Tulizungumza kwa maneno machache ya Kiarabu cha kazini. Akiisha kunywa, alisema, "Chai tamam, Muallim," yaani chai ni nzuri, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

Muallim. Alikuwa amewasikia madereva wakiniita Mwalimu, akasikia neno la Kiarabu analolijua yeye. Na kwenye ujenzi hapa, muallim ni fundi mkuu, msimamizi wa kazi. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba Dilip alidhani mimi ni mkubwa fulani. Alikuwa akivuka njia kuja kwenye chai yangu kwa sababu aliamini ameitwa na mtu mwenye ruhusa ya kumtoa kwenye kituo chake. Mkubwa wake mwenyewe angemfokea. Lakini Muallim amesimamisha basi, Muallim amemkaribisha, basi ni halali.

Nilipotambua hilo sikumsahihisha. Hiki ndicho kitu nilichokigeuza kichwani kuliko vyote. Hapakuwa na sababu nyingine ila kwamba lilinipendeza. Ilikuwa miaka sasa tangu mtu anipokee kitu kwa mikono miwili.

Ilikuwa Januari, asubuhi, tumeshashusha watu, tunarudi na mabasi matupu kuchukua kundi la pili. Unaujua ukungu wa hapa wa mwezi huo, unavyolala juu ya mchanga na jua likishatoka unakuwa mweupe kuliko ulivyokuwa gizani. Nilifika kilomita ya kumi na moja nikaegesha ukingoni. Basi langu lilikuwa refu, na pua yake ilifika pale pale penye mwanya. Dilip akavuka. Tukanywa. Alikuwa akinionyesha picha kwenye simu, nyumba ya mawe na mlima nyuma yake, na mimi nikatazama saa, maana dakika zangu zilikuwa zinakwisha. Nikamwambia khalas, basi, twende. Akajibu kitu, akacheka, akaanza kurudi kituoni kwake kwa kuzunguka mbele ya basi langu. Kikombe alikuwa bado nacho.

Wasswa alikuwa nyuma yangu kwa karibu dakika nne. Alikuwa anakuja kunipita asimame mbele ya basi langu, kuchukua dakika zake.

Sitakuandikia nilichokiona. Nitakuandikia nilichosikia, kwa kuwa kilikuja kwanza: breki, muda mrefu sana, muda ambao ningeweza kuuhesabu. Na hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapostahili kuulizwa. Tisini ni mara moja na nusu ya sitini. Lakini umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauongezeki mara moja na nusu. Unaongezeka mara mbili na robo. Nimelifundisha hilo ubaoni miaka tisa. Nimelitungia maswali ya mtihani. Kwenye jedwali langu la kadibodi sikuweka safu yake.

Dilip hakufika hospitali akiwa hai.

Soma polepole hapa, Mghoi, kwa maana sehemu iliyobaki mama yako ndiye mtu pekee anayeijua.

Nilimkimbilia Dilip, nikapiga magoti, nikaona hakuna la kufanya. Wafanyakazi walikuwa wanakuja wakikimbia kutoka ndani ya ujenzi, wakipiga kelele kwa lugha yao. Wasswa alikuwa bado kwenye kiti chake, mikono kwenye usukani kana kwamba anaendelea kuendesha. Nikapanda basi lake. Alidhani nimekwenda kumtoa. Mimi nilinyoosha mkono juu ya kichwa chake, nikashusha kile kibao cha kuzuia jua, nikachomoa jedwali.

Aliniangalia. Midomo yake ilikuwa imekauka. Akasema, "Chukua, Mwalimu. Wewe una mtoto hapa."

Nililikunja nikalitia ndani ya soksi. Polisi walifika baadaye kidogo.

Siku ya tatu niliitwa kwenye kontena la ofisi, mbele ya afisa wa usalama wa kampuni, mtu mpole mwenye miwani, ambaye alikuwa akiuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Wasswa hakuwapo, alikuwa mikononi mwa polisi tangu siku ile. Afisa alikuwa na karatasi ya kamera zake mbele yake.

"Sielewi kitu kimoja," akasema. "Kwa kamera zangu, mabasi yote yanakwenda sitini. Hili la ajali pia lilipita kwa sitini wiki zote za karibuni. Lakini alama za breki zinasema tisini. Na wewe ulikuwa umesimama. Wenzako pia wanasimama pale, nimeambiwa. Kwa nini?"

"Injini zinachemka," nikasema.

Aligeuka akatazama dirisha. Kioo kilikuwa kimefunikwa na ukungu.

"Mwezi huu?"

"Ni mabasi ya zamani."

Alishika kalamu. Nilijua kwamba anajua kuna kitu, na nilijua pia kwamba mimi ndiye ninayeweza kumpa. Neno moja tu. Ningemwambia: mimi ndiye niliyewafundisha. Ingemwondolea Wasswa nusu ya lawama, kwamba hakuwa mwendawazimu aliyeamua siku moja kukimbia kwenye ukungu, kwamba tulikuwa sita, tena kwa karatasi yenye mistari. Nilifikiria ile tiketi ya ndege. Nilifikiria shule yako, ulikuwa umeanza muhula wiki ile na viatu vipya. Nikanyamaza. Akaandika: injini.

Wasswa hakunitaja. Alihukumiwa, akakaa gerezani miezi, akarudishwa kwao. Mimi niliomba kuhamishiwa ofisini kupanga ratiba, nikisema macho yananisumbua. Wewe uliniuliza, "Anko Wasswa ameenda wapi?" nikakujibu amepata kazi nzuri nyumbani. Ulimchorea picha ya basi. Nilisema nitaituma.

Kwa hiyo shule uliyosoma, chuo chako cha uuguzi, nyumba hii ya Al Mansoura ambayo leo ina sanduku lako katikati ya sebule, vyote vilikaa juu ya neno lile, injini. Sikuandikii ili uvibebe. Ulikuwa na miaka kumi, hukuulizwa. Ila umekua, na nimeona si haki uondoke ukiwa na picha ya baba aliyeacha udereva kwa sababu ya macho.

Nimekuwa nikijipima kwa wastani, mwanangu. Hivyo ndivyo mtu mwenye kosa kama langu anavyoishi. Miaka mingi, siku nyingi, mzee wa kanisa, mume asiyepiga kelele, baba anayesaidia hesabu za nyumbani. Ukijumlisha na kugawanya, ninapita kamera ya pili nikiwa sawa kabisa. Lakini Dilip hakukutana na wastani wangu. Alikutana na asubuhi moja. Na wewe ni muuguzi, utakutana na watu wengi kwa namna hiyo, mara moja moja, mlangoni mwao.

Utachelewa. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko baridi. Utakuwa na orodha ya wagonjwa, mmoja amekaa kitini tangu alfajiri akisubiri sindano yako, na barabara mbele yako ni tupu, koni mpaka macho yanapoishia, hakuna mfanyakazi hata mmoja, na kibao kinakuambia hamsini. Utaona wanakufanya mjinga. Hata pale kwetu asubuhi ile hapakuwa na mtu wa kuonekana. Alikuwa mbele ya basi langu, na kikombe. Mimi sina maneno makubwa ya kukupa juu ya hilo. Nakuomba tu uwe unapiga simu. Mwambie mgonjwa, nimechelewa. Mwambie mkubwa wako, orodha ni ndefu kuliko barabara. Sisi madereva sita hatukuwahi kumwambia msimamizi kwamba tunahitaji dakika nne za kunyoosha mgongo. Labda angekataa. Hatukuuliza, tulikwenda kuziiba mahali ambapo mtu alikuwa kazini.

Leo asubuhi, baada ya ibada, nilimpigia Wasswa. Yule mlinzi Mganda anayekaa benchi la nyuma kanisani ndiye aliyenipatia namba. Nimekuwa nayo tangu mwaka juzi. Nilikaa kwenye gari, na nyinyi mkiwa mnapiga picha nje.

"Hallo, nani?"

"Ni Mwalimu. Wa Doha."

Nikasikia kuku, na mtu akipasua kuni.

"Mwalimu gani?"

"Wa mabasi."

"Eeh." Kuni zikanyamaza, alikuwa ni yeye anayepasua. "Mimi nilifikiri wewe ulikufa zamani, ssebo."

Nikamwambia kwamba Mghoi anasafiri, na kwamba nataka kumwambia ukweli kabla hajaondoka.

"Ukweli gani? Anayeendesha nilikuwa mimi."

"Wa jedwali. Na niliyoyasema kwa afisa."

"Sasa unapiga simu nikupe ruhusa?"

"Nimepiga kukuomba msamaha."

Nikatazama simu kama imekatika.

"Hiyo leo mimi sina," akasema. "Labda siku nyingine. Labda hapana. Mimi nilikuja nyumbani, watu wakasema huyu ameua mtu Uarabuni. Hakuna mtu alisema Mwalimu." Kisha sauti yake ikabadilika. "Yule mtoto alimaliza shule?"

"Amekuwa muuguzi."

"Muuguzi." Akalirudia kama analipima uzito. "Sasa mwambie vizuri. Usimwambie eti Wasswa alikuwa mtakatifu. Nilikuwa naenda tisini na tano. Jedwali lako lilisema tisini, mimi nikaongeza."

Akakata. Uliponijia dirishani na kuniuliza, "Baba, mbona umekaa na joto lote hili na AC imezimwa?" nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka simu chini.

Kuhusu Dilip sina mtu wa kumpigia. Jina lake kamili nililiona mara moja, kwenye karatasi ya afisa, na nikalisoma kichinichini, na sikulishika. Nimejaribu wiki hii nzima kulikumbuka. Nakumbuka mlima kwenye simu yake. Nakumbuka ngazi za mawe mbele ya nyumba, na mtu amekaa juu yake, ambaye sikuuliza ni nani.

Niliifikiria njia rahisi ya kukupa barua hii. Ningeitia kwenye mfuko wa ndani wa sanduku, uikute kule baada ya wiki, ukiwa umbali wa bahari na nchi kadhaa, na mimi nikisubiri simu yako kwa woga wa mbali. Au ningekupa uwanjani kesho asubuhi, usome ndege ikiwa angani. Nilikuwa nimeshaitafutia hata bahasha. Kisha nikaona kwamba hiyo ni injini nyingine.

Kwa hiyo ukiingia sasa hivi na mama yako nitakupa mkononi, na nitakuomba uisome hapa hapa, kwenye kiti hiki, mbele yangu. Sitawasha televisheni. Sitakwenda jikoni. Ukinyanyua macho katikati ya ukurasa utanikuta ninakutazama. Unaweza kuniuliza lolote na nitalijibu, na kama hutaki niende nawe uwanja wa ndege, mama yako anajua njia, nimeshamwambia.

Ukifika mwisho, mimi sitaanza kusema. Nimeeleza mambo maisha yangu yote. Neno la kwanza ni lako, mwanangu, hata likiwa ni lile ninaloliogopa.

Baba yako